Picha Nyepesi kwa Watu wa Isungo

Isungo, ng'ambo ya Matema
10 Machi 2024

Kaka Ambakisye,

Shikamoo. Najua Jumapili tutaonana kwenye simu na kuongea kwa mikono kama kawaida yetu, lakini hili ni refu, na mimi nikikasirika unalalamika kwamba mikono yangu inakwenda mbio. Nimeona niliandike. Litavuka na boti mpaka Matema, kisha kondakta wa basi la Kyela atakufikishia pamoja na mchele aliokufungia Mama.

Udongo wetu umeharibika. Unalikumbuka bonde dogo nyuma ya kanisa, tunapochimba udongo wa vyungu. Wale wenye mnara wa simu walijenga juu yake, na tangi la dizeli la jenereta wakaliweka ukingoni kabisa. Linavuja. Mvua ikinyesha mafuta yanateremka mpaka shimoni kwetu, na maji yanang'aa rangi rangi kama shingo ya njiwa. Tulidhani moto utayamaliza. Haukuyamaliza. Jumamosi iliyopita, sokoni Lyulilo, mama mmoja wa Ipinda alimrudishia Mama chungu mbele za watu, akasema maharage yake yamenuka lori. Mama alikipokea chungu, akakigeuza juu chini, akakikalia mpaka soko lilipoisha.

Nilimfuata Eliya, yule anayetunza jenereta. Aliniandikia kwenye kiganja chake kwa kalamu: VIDEO. Anasema siku hizi dizeli inaletwa kwa boti mara kwa mara kwa sababu kila mtu anatazama video. Mimi jenereta silisikii, lakini nalihisi kwenye nyayo, na uji kwenye bakuli unatetemeka.

Sasa nakuuliza wewe, kwa kuwa video ndiyo kazi yako. Ni kweli video inakula dizeli? Nauliza kwa sababu na mimi natazama. Kila jioni namtazama Mwalimu Winnie, yule mkalimani wa lugha ya alama anayekaa kwenye kiduara pembeni mwa masomo ya kampuni yenu. Unajua vitabu vya sekondari vyote ni Kiingereza, nami masikio yaliniondoka kabla sijakisikia hata siku moja. Bila vidole vya Mwalimu Winnie siwezi kufanya mtihani wa Novemba, na bila mtihani huo sitakuwa mwalimu wa watoto viziwi.

Lakini sitaki nije kugundua kwamba ni mimi ninayemharibia Mama udongo. Niambie ukweli.

Mdogo wako,
Neli


Dar es Salaam
2 Aprili 2024

Mdogo wangu Neli,

Mchele umefika, na barua yako nimeisoma hadi nikasahau chakula mezani. Mwambie Mama ndaga fijo, asante sana. Mwambie pia roho imeniuma kwa habari ya kile chungu.

Ukweli ni huu. Video ndiyo mzigo mkubwa kuliko yote inayopita mtandaoni. Inahifadhiwa kwenye majumba ya kompyuta ambayo yanapozwa mchana na usiku, inasafiri, inafika kwenye mnara, inaingia kwenye simu. Kila hatua inakula umeme, na kwenu umeme wa mnara ni dizeli. Kwa hiyo Eliya hajakosea sana.

Lakini wewe si tatizo, nisikilize vizuri. Unajua kinachoniudhi mimi hapa ofisini? Watu wengi mno hufungua video ya nyimbo kisha wakaitia simu mfukoni. Picha inaendelea kuteremka, nzito kabisa, na hakuna jicho linaloitazama. Wengine wanalala, video inaisha, nyingine inajianzisha yenyewe, mpaka asubuhi. Tungeweza kukata picha mtu anapozima kioo tukamwachia sauti tu. Tungeweza kuacha hii tabia ya kuanzisha video ambayo mtu hakuiomba. Hakuna mtu ambaye angepoteza chochote.

Nimekuwa nikilisema jambo hili kwenye vikao nikionekana kama mtu wa ajabu. Barua yako imenipa nguvu. Nitumie picha yako ukiwa pale bondeni, umeshika ule udongo. Nitawaonyesha wenzangu, waone kwamba haya si maneno ya kwenye semina. Utaniruhusu?

Wewe endelea na masomo. Tazama kwa amani.

Kaka yako,
Ambakisye


Isungo
28 Aprili 2024

Kaka,

Picha nimeituma, amenipiga Eliya mwenyewe. Waonyeshe.

Nimewaza. Masomo ya Mwalimu Winnie hayabadiliki. Somo la leo ndilo hilo hilo mwakani. Sasa kwa nini kila mwanafunzi aliteremshe upya kutoka huko mbali, na mimi nikitaka kurudia niliteremshe tena? Wekeni sanduku moja pale shuleni au zahanati, masomo yaingie humo mara moja tu, na sisi tuchukue kutoka humo. Na juu ya mnara waweke sola, jua lipo. Na tangi walihamishe. Hilo la mwisho ndilo la kwanza.

Mama anasema ule vizuri.

Neli


Dar es Salaam
30 Juni 2024

Neli mpendwa,

Samahani kwa ukimya, na samahani kwa Jumapili nilizokosa. Kazi zimenizidi, ila ni za heri.

Lile la kukata picha mfukoni wamelikataa. Matangazo ya biashara yanahesabiwa hata kama simu iko mfukoni, na mkurugenzi alisema hawezi kuwaambia wenye matangazo kwamba nusu ya watazamaji wao ni suruali. Watu walicheka. Lile la video kujianzisha nalo wamelikataa, kwa sababu hiyohiyo. Sanduku lako walilipenda, kisha wakauliza nani atalitunza.

Lakini hawakunitupa. Ile picha yako iligusa watu sana. Mwishowe wamekubali jambo moja, nao mradi wamenipa mimi niuongoze. Unaitwa Picha Nyepesi. Tutapunguza uzito wa video kwenye minara inayotumia dizeli. Tunaanza na majaribio sehemu fulani, tuone. Ni hatua ndogo, lakini ni hatua, na mwishoni mwa Agosti ninakwenda Kigali kuieleza kwenye mkutano. Mimi, mtoto wa Isungo!

Kuhusu tangi, nimeuliza. Mnara si wetu, ni wa kampuni nyingine. Nitaendelea kufuatilia.

Nitaandika nikirudi.

Ambakisye


Isungo
11 Agosti 2024

Kaka Ambakisye,

Hongera kwa Kigali. Mama amelitangazia kanisa zima, mpaka mchungaji ameliweka jina lako kwenye maombi.

Nina shida, na nimekutafuta kwenye simu Jumapili tatu hupokei. Picha ya Mwalimu Winnie imeharibika. Haikatiki, inatembea vizuri tu, ila imekuwa tope. Kile kiduara chake ni kidogo tangu mwanzo, sasa vidole vimeyeyuka vyote vikawa kitu kimoja. Naona mkono unapanda, unashuka, unazunguka. Sijui kama amesema damu au amesema maji. Wenye masikio hawajali, mwalimu mwingine anaongea nao wanasikiliza. Mimi nimebaki natazama kama mtu anayetazama wali ukichemka.

Nimejaribu kubonyeza pale pa kuchagua picha bora. Pameondolewa.

Je, ni mtandao? Ni simu yangu? Wewe unajua mambo haya. Tafadhali nijibu upesi, kwa kuwa ndiyo tunaingia kwenye figo na mfumo wa fahamu, na sijavisoma kabisa.

Jenereta ni lilelile. Uji bado unatetemeka.

Neli


Dar es Salaam
1 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Pole sana. Kigali kulikwenda vizuri, tumepewa hata tuzo, nitakusimulia.

Kuhusu picha, inawezekana kabisa ni simu. Ile simu nilikununulia zamani, na programu mpya zinazilemea simu za zamani. Jaribu kuizima na kuiwasha. Jaribu kutazama asubuhi mapema. Ukiweza kupata simu nyingine, ingekuwa vizuri zaidi. Ningekutumia masomo kwenye kadi ya kumbukumbu, ila kampuni hairuhusu kuyanakili, na kwa nafasi niliyonayo sasa watu wananiangalia.

Usikate tamaa. Soma vitabu pia, Kiingereza kinakuja kwa kuzoea.

Salamu kwa Mama.

Ambakisye


Isungo
6 Oktoba 2024

Ambakisye,

Leo sikuamkii.

Mama ameuza cherehani. Uliposema simu imezeeka, hakulala na neno hilo. Alikivusha chombo kile Matema kwenye boti la wavuvi wa usipa, akakiuza, tukaenda Kyela mjini, tukanunua simu mpya. Njia nzima ya kurudi alikuwa ameishika yeye, ameifunga kwenye khanga kama kitoto. Tulipofika Isungo nikaiwasha. Tope lilelile.

Jana nilimsindikiza Lyulilo kuuza vyungu. Wakati anangoja wateja nilikwenda ufukweni Matema, kwenye nyumba moja ya wageni, ambako simu inashika mnara mwingine unaotumia umeme wa kawaida. Nikafungua somo. Kaka, Mwalimu Winnie alikuwa na pete. Nilikuwa nimesahau kwamba ana pete. Niliona kucha zake. Nilitazama somo zima nimesimama.

Kwa hiyo simu ilikuwa nzima, ile ya zamani na hii ya cherehani.

Lilipoisha somo, video nyingine ikajianzisha yenyewe. Nikakuona wewe. Umevaa koti la bluu, umesimama Kigali mbele ya watu, na maneno yako yanapita chini kwa maandishi. Nyuma yako ukutani nipo mimi, mkubwa kama nyumba, nimeshika udongo wenye dizeli. Chini ya miguu yangu wameandika: Isungo, jamii iliyoomba mabadiliko. Ukasema, nayanukuu maandishi: "Dada yangu ni mfinyanzi. Ni yeye aliyeniomba tupunguze. Tumeanza na mnara wa kijiji chake, na hatujapokea lalamiko hata moja."

Hata moja! Nilikuandikia tarehe kumi na moja mwezi wa nane. Ile ilikuwa nini, kama si lalamiko?

Ulijua tangu siku ya kwanza. Ulijua ulipoacha kupokea simu. Uliogopa kunitazama mikono. Ukaniambia nizime na kuwasha.

Sikukuomba unipunguzie macho. Nilikuomba mhamishe tangi. Jana jioni Eliya alinipeleka nikalione: wameliwekea kopo la rangi chini yake. Likijaa, mvua inalimwaga.

Mtihani umebaki mwezi mmoja.

Neli


Dar es Salaam
19 Oktoba 2024

Neli,

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana.

Usifikiri ilikuwa rahisi. Kwenye kikao waliuliza: tuanzie wapi, ambako wateja ni wachache na hawatapiga kelele? Kila mtu akataja mkoa wa mwenzake. Nikawaza, nikitaja nyumbani nitakuwa na watu wa kunieleza hali halisi, na nitaweza kuwatetea. Ndivyo nilivyowaza, Mungu shahidi. Mwalimu Winnie sikumkumbuka. Kwenye karatasi zetu hakuna mahali palipoandikwa kwamba kuna mtu anayesoma kwa vidole. Na ulipoandika, mradi ulikuwa umeshateuliwa kugombea tuzo, na jina langu ndilo lililokuwa juu. Ningesimama vipi niseme umeharibu?

Unataka ukweli, basi huu hapa. Sijui kama dizeli imepungua. Hakuna aliyekwenda kupima. Tunahesabu uzito wa video zilizoteremka, tunazidisha, tunapata moshi ambao haukutoka. Jenereta la mnara mdogo likishawashwa linakunywa karibu kiasi kilekile, mtazame kwa picha nzuri au mbaya. Mhandisi mmoja alilisema hilo kikaoni. Akaambiwa asivunje watu moyo.

Sasa sikiliza, tusaidiane. Zipo namba za simu ambazo Picha Nyepesi haizigusi. Wakurugenzi wana mashamba na nyumba za mapumziko kwenye minara kama hiyo, na hawakutaka kuona tope. Jana nimeiingiza namba yako. Ukipokea barua hii utaona picha yako imerudi. Usimwambie mtu.

Na jambo la pili. Mwanzoni mwa mwaka ujao kampuni itawaalika wafadhili, na wanataka filamu fupi ya dada wa Isungo. Wanakutaka wewe. Najua utakasirika, lakini fikiri: utasikilizwa na watu ambao mimi nawaona kwa mbali tu. Nitakuja mwenyewe na kamera.

Nisamehe.

Kaka yako


Isungo
24 Novemba 2024

Kaka Ambakisye,

Mtihani umekwisha.

Picha ilirudi kweli, siku chache kabla hata ya barua yako. Nilidhani mmeirudisha kwa wote, nikatoka nje na simu mkononi nikicheka. Nikamkuta Lugano, jirani yetu, akitazama ibada kwenye simu yake na bado ni tope. Aliiweka simu yake kando ya yangu. Akatazama hii, akatazama ile. Kisha akanitazama mimi. Akachukua simu yake akaondoka. Tangu siku hiyo mkewe hapiti tena uani kwetu kuomba moto.

Nitakwambia pia kwamba sikuikataa. Nilijifungia ndani na picha yangu nzuri nikasoma hadi macho yakauma, kama mtu anayekula nyama peke yake. Sitaki unidhanie mwema kuliko nilivyo.

Lakini zile wiki za tope hazikurudi. Kwenye Baiolojia walileta figo, mchoro mkubwa, taja sehemu na kazi zake. Nilikumbuka kabisa somo lile. Nilikumbuka mkono wa Mwalimu Winnie ukizunguka, ukishuka, ukizunguka tena. Ulikuwa unasema nini? Nililiacha tupu. Ukurasa uliofuata ni mfumo wa fahamu, nao nikauacha.

Kuhusu filamu, njoo. Nina sharti moja. Nitaongea kwa mikono yangu, nitakachotaka mimi, pale bondeni. Na wewe utawaonyesha wakubwa wako kwa picha ileile mnayotupa sisi Isungo, si nzuri zaidi hata kidogo. Wakishindwa kuona ninachosema, wewe uko pale. Tangu tukiwa wadogo wewe ndiye uliyekuwa mdomo wangu dukani na kanisani. Simama uwaambie.

Ukikubali hilo, njoo. Mama atakupikia samaki wa mbasa.

Neli


Dar es Salaam
18 Januari 2025

Mdogo wangu Neli,

Bado nina ladha ya yule mbasa mdomoni. Siku zile mbili za Desemba hapo nyumbani zimenirudishia uhai. Nilifurahi ulipokubali kuongea nami baada ya kurekodi, japo kidogo.

Jana tulifanya ile hafla. Sharti lako nililitimiza, sikukudanganya. Filamu niliiweka kwa picha ya Isungo hasa. Ilipoanza, watu walidhani mashine ya kuonyeshea imekufa. Fundi akapanda jukwaani, nikamwambia aiache. Mkurugenzi akanong'ona, "Ambakisye, hii nini?" Nikamjibu, "Ndivyo wanavyoona." Watu wakainama mbele kwenye viti, Neli. Uko pale, umevaa gauni la njano, mikono yako inakwenda, na hakuna anayeweza kuiona. Hata mimi niliyeirekodi sikuweza kuisoma. Mama mmoja mfadhili alifuta machozi.

Walipiga makofi kwa muda mrefu, wengine wamesimama. Mkurugenzi amesema watalifikiria upya suala zima. Wamependa filamu, wataiweka mtandaoni. Naona mlango umefunguka kidogo.

Mengine nitakueleza tukionana. Nafikiria kuja Pasaka.

Wako,
Ambakisye


Isungo
9 Februari 2025

Kaka Ambakisye,

Filamu nimeiona. Namba yangu haiguswi, kwa hiyo nimeiona vizuri jinsi nilivyo tope.

Nimeona na maandishi mliyoweka chini. Hayo hayana tope, ni meupe na makubwa, yanasomeka hata na mtu aliye mlangoni. Yanasema: "Nawashukuru kwa kulitunza ziwa letu. Picha hafifu ni sadaka ndogo kwa ajili ya watoto wetu." Na mwishoni, kwenye kipande mlichoongeza cha ukumbini, yule mama aliyefuta machozi anasogea na kukuuliza, "Dada anasema nini?" Na wewe, umevaa lile koti la bluu, unatabasamu. Unajibu, na jibu lako limeandikwa: "Anashukuru."

Ulikuwa umesimama mbele yangu pale bondeni, hatua mbili tu kutoka mikononi mwangu, hakuna mnara wala kampuni kati yetu. Ulinirekodi. Ulikuwa unaitikia kwa kichwa. Ili usije ukasema hukuelewa, haya ndiyo niliyosema, nayaandika kwa Kiswahili ili yakae mahali:

"Naitwa Neli. Ninafinyanga vyungu. Tangi linavuja kwenye udongo wetu mpaka leo, njooni mlihamishe. Mmetupunguzia picha, dizeli haijapungua. Kama mnataka kupunguza, anzeni na video inayocheza mfukoni mwa mtu asiyeitazama. Zimeni inayojianzisha yenyewe mtu akiwa amelala. Mimi nilikuwa natazama."

Hayo tu. Hayakuwa magumu kutafsiri.

Matokeo yametoka. Baiolojia nimepata F. Mengine yangetosha, lakini bila hiyo chuo hakinipokei. Nitajiandikisha tena. Mwalimu Winnie nimempata kwa ujumbe. Nilimweleza kila kitu, akanijibu kwamba hakuna aliyemwambia kamwe kuwa vidole vyake havifiki. Mwezi ujao ananipokea kwake Mbeya, nitamsaidia na watoto anaowafundisha nyumbani, naye atanifundisha ana kwa ana. Namba yangu iondoe huko ulikoiweka. Lugano nimekwisha kumwambia picha yangu nzuri inatoka wapi, na amewaambia wengine. Wanaandika barua kwa mkuu wa wilaya, kuhusu picha na kuhusu tangi. Jina lako limo. Sikuwazuia.

Mama na wenzake sasa wanachimba udongo mbali, kwa mtumbwi, upande wa mawe. Ni mgumu na una changarawe, vyungu vingi vinapasuka motoni. Eliya anasema dizeli inaletwa kama zamani.

Hili la mwisho sikutaka kuliandika, ila Mama ndiye aliyenituma. Siku ile ya kurekodi alikuwa amekaa kwenye jiwe nyuma yako, aliniona mikono yote. Kusoma hajui. Filamu ilipofika alimwita Gift, mtoto wa Lugano, amsomee maandishi ya chini. Gift akasoma. Mama akamwambia arudie. Akarudia. Kisha Mama akanigeukia, akaniuliza kwa mikono, polepole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa: "Ambakisye amesahau lini kukusoma?"

Kama utakuja Pasaka, atakuuliza wewe.

Neli